Mtaa wa Wenyeviti Wawili

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Usitupe, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitamka mara nyingi kuliko salamu. Mtu akitoka na ndoo ya takataka, na ndani ya ndoo ikachomoza hata shingo ya kijiko, angesikia nyuma yake, "Usitupe." Jirani mmoja aliapa kwamba siku moja alikuwa akimfokea mumewe chumbani, akimwambia atamtupa nje yeye na masanduku yake, na neno lile lile likapenya ukutani.

Kwa miaka ishirini na sita Usitupe alikuwa fundi katika karakana ya mabasi ya umma, mpaka mabasi yalipokwisha yote na karakana ikabaki na mafundi watupu. Siku ya kufunga, meneja aliwashukuru kwa hotuba ndefu, kisha akawaambia kila mmoja achukue kumbukumbu anayoweza kuibeba. Mmoja alichukua saa ya ukutani, mwingine birika la chai, na wa tatu aling'oa mlango wa choo akaondoka nao, akisema huko ndiko alikopata mapumziko ya kweli. Usitupe alichukua kipande cha reli chenye uzito wa mtu mzima. Alikisukuma kwenye toroli hadi nyumbani, akakisimika uani chini ya paa la bati, kikawa fuawe ya kufulia vyuma. Baada ya hapo kazi yake ikawa kuzunguka majalalani na kwenye magereji, akirudi na vyuma ambavyo wenyewe walikuwa wamevikatia tamaa.

Haikupita miaka mingi, nyumba ile ikawa haina kitu ambacho hakikuwahi kuwa kitu kingine. Jiko la mkaa lilikuwa ngoma ya mashine ya kufulia. Chanja ya vyombo ilikuwa rafu za friji. Kabati la jikoni lilikuwa kabati la mafaili la karakana, na droo yake ya pili ilikuwa bado na kibandiko kilichoandikwa MALALAMIKO YA ABIRIA. Humo ndimo mkewe alimoweka sukari. Mke huyu alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa amekwisha kuzoea. Wageni tu ndio walioshtuka walipoambiwa wachote sukari kwenye malalamiko.

Maisha yalikuwa yakienda hivyo mpaka mama mkwe alipohamia.

Alikuwa ameteleza bafuni kwake akavunjika nyonga. Daktari alisema mfupa utaunga, ila kutembea kama zamani asahau. Alikuja kwa wiki mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hao hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa jembe mama mkwe wake. Wiki mbili zikawa mwaka, na mwaka ukaanza kutafuta mwenzake.

Tena hakuwa bibi wa kukaa akisinzia. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka thelathini alizunguka masokoni na sanduku lake la mawe ya kupimia, na wauzaji wenye vidole vizito walipoona kofia yake inakuja walikumbuka ghafla kwamba wana msiba nyumbani. Jicho lake lilikuwa limezoea kutafuta kilichopungua. Sasa hakukuwa na mizani ya kukagua. Alikuwapo mkwe.

Kila asubuhi baada ya chai, Usitupe na mkewe walimbeba kwenye kiti chake cha mbao hadi mlangoni pa karakana yake ya uani ili apate hewa. Hewa aliipata yeye, na Usitupe akaanza kuikosa.

"Mkwe wangu," bibi angesema kwa sauti laini kabisa, "huo mguu wa kushoto wa meza umelala."

Usitupe angechukua skwea, kipimo cha pembe, apime. Mguu umelala. Kesho yake angeambiwa bawaba ya juu imepanda kuliko ya chini. Angepima. Imepanda, unene wa ukucha. Laiti bibi angekuwa anakosea, mambo yangekuwa mepesi. Angemchukulia kama wazee wanavyochukuliwa, angeitikia "ndiyo mama" na kuendelea na yake. Kilichomchoma ni kwamba katika mwaka mzima na zaidi hakuwahi kukosea hata mara moja. Na mkwe hajibizani na mama mkwe. Kwa hiyo Usitupe alijibu kwa nyundo, juu ya vyuma ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Siku ambayo bibi alimwambia kwamba anavuta pumzi vibaya anapokata bomba, Usitupe aliweka msumeno chini, akageukia ukuta. Ukutani kulikuwa kumening'inia magurudumu mawili ya baiskeli, sawa kwa ukubwa, ambayo yalikuwa yakisubiri kazi kwa mwaka mzima. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Wazo lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa na huruma ndani yake hata chembe. Alitaka mama mkwe wake aende mbali, na alitambua kwamba ili mtu aende mbali ni lazima awe na cha kumpeleka.

Alianza siku hiyo hiyo. Fremu aliitoa kwenye mabomba ya kitanda cha hospitali kilichokuwa kimeuzwa kama chuma chakavu. Kwa pahali pa kukalia alitumia kiti cha dereva wa basi, ambacho springi zake zilikuwa na nguvu kuliko basi lenyewe. Vigurudumu vya mbele vilitoka kwenye toroli la duka kubwa. Kimoja kilikuwa na ukaidi wa kwenda kinakotaka, ikabidi akifungue, aoshe beringi zake kwa mafuta ya taa na kukirudisha kikiwa na adabu. Pete za kusukumia kwa mkono alizikunja kutoka bomba la pazia. Muda wote huo bibi alikaa mlangoni akitazama, na muda wote huo Usitupe alijifanya anafanya kazi ya mteja.

"Unatengeneza nini, mkwe wangu?"

"Mkokoteni, mama. Wa mtu fulani, wa kubebea mizigo."

Bibi alikitazama chombo kile kwa utulivu.

"Mkokoteni wenye mahali pa kuegemeza mgongo."

"Ni mizigo inayohitaji kuegemea, mama."

Hakuuliza tena. Alisema tu kwamba huyo mwenye mizigo, kama viwiko vyake vina urefu wa kawaida, basi mikono ya mkokoteni iko juu mno. Usitupe aliishusha.

Siku ya tisa kiti kilikuwa tayari, kimepakwa rangi ya buluu iliyosalia kwenye makopo ya karakana. Bibi alikalishwa. Alijaribu breki, akajaribu pete, akazunguka uani mara tatu bila kugonga kitu, kisha akasema kina kasoro moja.

"Weka kioo cha pembeni. Nataka kuwaona wanaonisema wakidhani nimeshapita."

Usitupe alifunga kioo cha pikipiki upande wa kulia. Bibi akajifunga kitambaa kichwani, akatoka lango kuu, akakata kushoto, akapotea. Karakana ilikuwa kimya kama chumba ambacho redio yake imezimwa baada ya siku nzima. Usitupe aliketi juu ya debe akanywa vikombe viwili vya chai mfululizo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uliopita, akajiona ni mtu mwenye akili kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi.

Kitu ambacho hakukitarajia ni sifa. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba Usitupe, kwa mikono yake, kwa mapenzi yake, bila kuombwa na mtu, amemtengenezea mama mkwe wake kiti cha magurudumu. Wanawake walikuja uani kuona. Mmoja alimleta mumewe, amemshika mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa, aone mwanamume mwenye utu alivyo. Wakwe wa mtaa ule walianza kumchukia mmoja mmoja. Mzee mmoja alimpa mkono akautikisa kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga, akisema vijana wa siku hizi hawajui thamani ya mzazi wa mke. Usitupe alifungua kinywa aseme ukweli, lakini akagundua kwamba hakuna aliyeuliza. Akakifunga. Siku ya pili alikuwa amekwisha kuanza kuitikia kwa kichwa, na siku ya tatu alijisikia akisema, "Mzazi ni mzazi tu."

Mkewe peke yake hakumsifu. Alimtazama kama alivyotazama donge la unga lililoumuka haraka mno.

Habari zilimfikia mwenyekiti wa mtaa. Huyu alikuwa mtu wa tabasamu pana aliyekuwa akitafuta kwa hamu kitu cha kuzindua, kwa kuwa mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni na hakuna alichokuwa amezindua. Alifika akiwa na karani wake na mpiga picha, akakizunguka kiti, akapiga tairi kwa ncha ya kiatu kama mnunuzi wa gari. Akasema hayo ndiyo matunda ya uongozi unaojali. Usitupe alijaribu kufikiri uongozi uliingia wapi, pale kwenye bomba la pazia au pale kwenye toroli, akakosa.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi mbele ya ofisi ya mtaa. Utepe mwekundu ulifungwa kutoka gurudumu hadi gurudumu, bibi akiwa katikati kama zawadi. Mkasi wa ofisi ulikuwa butu. Mwenyekiti alikata, akatafuna, akasaga, utepe ukakataa, mpaka Usitupe alipokimbia nyumbani kuleta mkasi wa kukatia bati. Baada ya hapo ikaja hotuba. Mwenyekiti alisema tangu leo hakuna mzee atakayefungiwa ndani. Alisema mlango wa ofisi yake uko wazi kwa kila mwananchi, saa zote za kazi, na asiyeutumia asije akalalamika. Watu walipiga makofi. Bibi hakupiga makofi. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayeandikisha.

Mtu mmoja nyuma ya umati alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa mtaa una wenyeviti wawili. Mwenzake akamjibu kwamba tofauti ni moja tu, cha huyu kinatembea.

Jumatatu, saa mbili kamili, bibi alikuwa mlangoni pa ofisi. Mwenyekiti alifika saa nne na robo. Bibi alimsalimia vizuri, akamwonyesha saa, akamweleza kwamba mfereji wa konani umeziba na maji yanaingia kwenye nyumba tatu. Mwenyekiti alishukuru, akaahidi kulifanyia kazi. Jumanne saa mbili bibi alikuwapo tena, kuangalia kazi ilivyokwenda. Jumatano pia. Alhamisi mwenyekiti alipitia mlango wa nyuma, akamkuta bibi huko huko, kwa sababu aliyekaa miaka thelathini akiwavizia wauzaji nyuma ya vibanda hafundishwi maana ya mlango wa nyuma.

Mchana, baada ya ofisi, alizunguka madukani. Hakuwa na cheo chochote, na hakudai kwamba anacho. Alikuwa tu bibi anayetaka kununua robo kilo ya kitu. Muuza nyama alipopima, bibi alisema kwa upole kwamba sahani ya mizani ya upande mmoja ni nzito. Mwenye duka akaapa. Bibi akaomba sahani zibadilishwe pande. Zikabadilishwa mbele ya foleni ya watu saba, na ile robo kilo ya nyama ikapungua hapo hapo, bila mtu kuigusa. Foleni nzima ikaona. Kwa muuza mchele alichukua kile kikopo cha kupimia, akakigeuza, akabonyeza kitako kwa kidole gumba. Kitako kikarudi kilikotoka kwa mlio, kwa maana kilikuwa kimefinywa ndani ili kimeze kidogo.

Watu waliokuwa wakimsifu Usitupe wakaanza kumtafuta kwa sauti nyingine. Muuza nyama alikuja uani akamwambia, fundi, mama ni mtu mzima, jua ni kali, kwa nini asipumzike. Muuza mchele alimkumbusha kwamba ana shinikizo la damu, na hakufafanua ni nani mwenye shinikizo. Hata yule mzee wa machozi alikuja, kwa sababu bibi alimwona kupitia kioo cha pembeni akitupa taka zake kwenye mfereji, akageuza kiti akarudi kumwambia aziokote. Usitupe aliwajibu wote jibu moja.

"Mimi ni mkwe. Nitamwambiaje?"

Jibu hilo lilikuwa zuri, na lilikuwa la kweli. Halikumsaidia. Wiki ya nne karani alikuja na barua yenye muhuri. Juu yake iliandikwa, YAH: CHOMBO CHENYE MAGURUDUMU KISICHOTAMBULIKA. Ndani ilisema kwamba ofisi imepokea malalamiko, kwamba chombo kile hakijasajiliwa, na kwamba fundi aliyekitengeneza akizuie kwake mpaka apate kibali.

Usitupe alikuwa mtu wa kutii barua yenye muhuri; miaka ishirini na sita ya utumishi ilimfanya hivyo. Akavaa shati safi akaenda kutafuta kibali. Idara ya usafiri walimuuliza injini ina nguvu kiasi gani. Aliposema haina injini walimwambia basi hiyo ni fanicha, aende biashara. Biashara waliuliza kama kinauzwa. Aliposema hakiuzwi walimwambia hawatambui kitu kisichouzwa, na kwa kuwa kinakaliwa na mgonjwa aende afya. Afya walimpokea kwa heshima, wakamkalisha, wakataka cheti cha kiwanda. Alisema kiwanda ni yeye. Wakaandika hilo kwenye fomu, wakalitazama, wakamwambia fomu haina mahali pa jibu la namna hiyo. Wakamshauri aanze na ofisi ya mtaa.

Alirudi nyumbani amechoka, akafanya jambo ambalo baadaye alilionea aibu kila alipolikumbuka. Alimwambia mama mkwe wake kwamba beringi za kiti zimechoka, zinahitaji matengenezo ya siku kadhaa. Akakiingiza kiti karakana, akakifunika turubai.

Bibi alirudi kwenye kiti cha mbao, mlangoni. Usitupe alijiandaa kwa mvua ya kasoro. Haikunyesha. Bibi alikaa mikono mapajani, akitazama uani. Siku ya kwanza hakusema neno kuhusu kazi. Siku ya pili vile vile. Usitupe alikuwa akitengeneza dirisha la nondo kwa ajili ya nyumba ya mwalimu, na kila alipomaliza kuchomelea kiungo alijikuta akigeuza shingo, akisubiri. Hakuna kitu. Akaona labda kazi ni nzuri. Siku ya tatu alilisimamisha dirisha ukutani, akapima kwa skwea: lilikuwa limekwenda upande, vidole viwili. Vidole viwili, na lile jicho lililoona unene wa ukucha lilikuwa hatua tatu kutoka hapo.

Akasimama mbele yake, skwea mkononi.

"Mama, hukuona?"

"Mimi ni mgonjwa tu, mkwe wangu. Wagonjwa hatuoni."

Jambo hilo lilimkaa kifuani siku nzima. Jioni mkewe aliporudi kutoka kwenye tanuri, nguo zikiwa bado zinanuka mkate, Usitupe alimweleza yote: barua, idara, na uongo wa beringi. Mkewe alikoroga chai yake kwa muda.

"Kiti hicho ulimtengenezea nani?" akauliza.

"Mama."

"Hapana. Ulijitengenezea wewe. Sasa mtengenezee yeye."

Asubuhi yake Usitupe aliondoa turubai. Akavuta debe akaketi mbele ya mama mkwe wake, akampa barua. Bibi alivaa miwani akaisoma yote, akaonyesha kwa kidole makosa mawili ya tahajia, akaikunja. Usitupe akamwambia beringi ni nzima na zilikuwa nzima siku zote. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza kusema kweli na hakujua mahali pa kuishia, akamwambia na lile lingine: kwamba tangu mwanzo alikitengeneza kile kiti ili amwondoe pale mlangoni.

Alitarajia machozi au laana. Bibi alimtazama juu ya miwani.

"Unadhani sikujua? Mkokoteni wenye pa kuegemea!" Akacheka mpaka akashika nyonga. "Yale magurudumu yalining'inia ukutani mwaka mzima, mkwe wangu. Ningekuomba kwa adabu, ungeniambia, ndiyo mama, kesho. Ningekuwa nasubiri mpaka leo."

Usitupe alipiga hesabu ya kasoro zote alizoambiwa katika mwaka ule, akajaribu kutenganisha zile za kukagua na zile za kumchokoza, akashindwa, kwa sababu zote zilikuwa kweli.

Kiti kilitoka siku hiyo hiyo. Lakini mwenyekiti naye hakuwa amelala. Katika siku zile chache alikuwa amehamisha meza yake kutoka chumba cha mbele hadi jengo la pembeni, ambalo lilikuwa na ngazi tano za saruji mlangoni. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa nyaraka. Bibi alifika chini ya ngazi, akazihesabu, akarudi nyumbani. Usitupe, kabla hajaulizwa, alikuwa amekwisha kushika utepe wa kupimia.

Kazi ile waliifanya wawili. Lilikuwapo bati nene la sakafu ya basi, lenye vinundu vya kuzuia kuteleza, ambalo Usitupe alikuwa amelihifadhi kwa miaka sita akiamini litapata siku yake. Alilikata vipande viwili, akaviunga kwa bawaba ili vikunjike, akaweka kingo pembeni gurudumu lisichepuke. Bibi alikaa mlangoni na ulimi wake wote ulikuwa umerudi. Mwinuko ulikuwa mkali mno. Akarefusha. Kingo zilikuwa fupi. Akaongeza. Kiungo cha tatu hakikuingia vizuri. Alikikata kwa grenda, akakichomelea upya, na safari hii alijua kabla hajageuka kwamba kimekubali.

Walilipeleka asubuhi ya mkutano wa wananchi, ambao ulikuwa umeitishwa kwenye jengo lile lile la ngazi. Walipofika, mlangoni kulikuwa na msongamano. Mwenyekiti alikuwa amejiagizia meza mpya, pana kama kitanda cha harusi, na wachukuzi wanne walikuwa wamekwama nayo kwenye ngazi ya pili, hawapandi wala hawashuki. Usitupe alikunjua bati lake pembeni yao, likalala juu ya ngazi kama lililozaliwa hapo. Wachukuzi walilitazama, wakatazamana, wakaisukuma meza juu ya bati ikapanda kwa pumzi moja. Nyuma yake akapanda mama mwenye kigari cha mtoto, kisha mletaji wa mitungi ya gesi na toroli lake, kisha bibi. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni kuipokea meza yake, na hakuna njia ya kushukuru bati kwa ajili ya meza na kulilaani kwa ajili ya bibi katika dakika moja. Akatabasamu.

Kwenye mkutano, ilipofika zamu ya maswali, bibi alinyanyua mkono. Aliuliza mfereji wa konani umeziba tangu lini. Mwenyekiti alieleza kwamba jambo hilo liko kwenye mchakato, na mchakato una hatua zake, na hatua zinahitaji subira.

"Sikuuliza unaendaje. Nimeuliza tangu lini."

Mwenyekiti alimgeukia karani. Karani alifungua daftari la wageni, kwa kuwa bibi hakuwahi kuingia ofisini pale bila kusaini, na kwa sauti iliyozidi kufifia akasoma tarehe kumi na saba, moja baada ya nyingine. Yule muuza nyama, ambaye nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile tatu zinazoingiwa na maji, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama na kusema kwamba hata yeye angependa kujua.

Mfereji ulizibuliwa wiki iliyofuata, nusu yake. Nusu nyingine ilizibuliwa baada ya tarehe nyingine sita. Ile barua ya chombo kisichotambulika haikufutwa, na haikutajwa tena. Huenda mpaka leo iko kwenye faili fulani ikisubiri cheti cha kiwanda. Bati nalo lilibaki pale mlangoni, maana kila aliyejaribu kuliondoa alikuta mtu juu yake. Mwezi haukuisha kabla halijapakwa rangi na kuwekewa kibao: NJIA YA WAZEE NA WASIOJIWEZA, MRADI WA OFISI YA MTAA. Watu walimwendea Usitupe wakamwambia ameibiwa. Alisema mwacheni mwenyekiti na kibao chake, ni bati jembamba, halina maana. Bibi ndiye aliyekasirika, na si kwa ajili ya wizi. Alikwenda kuwaambia kwamba yeye anajiweza.

Sifa za mkwe wa mfano zilipoa. Zilipokwisha kabisa, Usitupe alilala vizuri zaidi. Badala yake wakaanza kuja watu wa mitaa mingine, wenye baba aliyepooza, wenye dada aliyekatwa mguu, wakileta baiskeli zilizovunjika na vitanda vilivyoshika kutu. Mmoja alikuwa mshona viatu wa makamo aliyekuwa akitembelea mikono yake tangu utotoni, na kandambili zake alizivaa viganjani. Kiti chake kilichukua siku kumi na mbili. Bibi alikikataa mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya breki, mara ya pili kwa sababu mtu huyu anafanya kazi ameinama, na kiti kinamlaza nyuma kama bosi. Usitupe aling'oa mgongo wa kiti akaanza upya, akinung'unika kwa kiasi ambacho mkwe anaruhusiwa.

Siku ya kukabidhi, mshona viatu alikaa, akashika pete, hakusogea. Alisema kwamba kutoka huku juu barabara inaonekana ndefu. Bibi alimwambia si ndefu, ni yeye aliyekuwa akiiona kutoka chini. Akaachia breki ya kiti chake, akatangulia, akimweleza bila kugeuka namna ya kukata kona bila kugonga ukuta, na lini amtazame mtu usoni na lini amwangalie kwenye kioo. Mshona viatu akasukuma mara moja, akasukuma tena, akamfuata.

Usitupe alisimama langoni mpaka walipopita konani. Kisha akarudi ndani, akachukua ufagio, akaanza kufagia vumbi la chuma.